Chumvi Iliyoingia Baadaye

Mwaka wangu wa mwisho chuoni, miaka ya tisini, nafasi ya kwenda ng'ambo kusomea miamba ilikuwa moja, na tulioitaka tulikuwa wawili: mimi wa Kiamaiko, mtaa wa wachinja mbuzi jijini Nairobi, na msichana mmoja wa Fedha, mtaa wa wenye nazo. Sikumpenda. Alikuwa na buti za kupandia vilima, mimi nikivaa viatu vya shule vya kaka yangu.

Tulipima mawe ya bonde moja, yaliyotokana na tope la kale, kutaka kujua nchi ile ilinyeshewa vipi zamani. Mvua nyingi huozesha mwamba na kuuondolea madini ya potasiamu. Kwa hiyo tope lenye potasiamu kidogo limetoka nchi ya mvua, na lenye nyingi limetoka nchi kavu. Mawe yangu yalikuwa na potasiamu kidogo, yaani mvua tu, kama kila mtu alivyotarajia. Ya kwake, kutoka upande wa pili wa bonde lilelile, yalijaa potasiamu. Basi akatangaza jangwa la kale! Mwalimu wetu alitabasamu wiki nzima, na mimi roho ikiniuma wiki nzima.

Jumamosi nilimsaidia baba kazi yake ya ngozi za mbuzi. Kiamaiko ngozi bila chumvi huoza: unaitandaza, unaimwagia, unairundika juu ya nyingine. Nikiwa nimeshika moja, wazo likanijia. Mtu akiionja hii atasema mbuzi alikula chumvi tangu kuzaliwa, kumbe ni sisi, baada ya kisu. Nikacheka.

"We, ngozi inakuchekesha nini?" baba akauliza.

"Nimemkamata mtu kosa, baba."

Jumatatu nikasimama darasani. Nikaonyesha kwamba potasiamu yake ilizidi kando ya nyufa za mawe. Tope lilizikwa, likawa mwamba, kisha maji moto ya ardhini yakapita humo na kuiacha potasiamu hiyo. Jangwa halikuwapo. Aliinamisha kichwa, nami nilifurahi, sifichi.

Mwalimu aliligeuzageuza jiwe la msichana mkononi.

"Hili ndilo swali la kupeleka ng'ambo," akaniambia. "Tutaitoaje potasiamu ya baadaye kwenye hesabu, tuijue mvua yenyewe? Mawe yako wewe hayakuguswa, hayana la kuuliza." Akamgeukia msichana. "Utaenda wewe."

Nje msichana alinikumbatia. "Manze, umeniokoa! Nitakuandikia."

Aliandika kweli, kadi zenye picha za theluji. Hadi leo nikipita penye rundo la ngozi, wivu hunikaba upya. Wazo lilikuwa langu na chumvi ya baba yangu, lakini aliyepanda ndege ni yeye.