Trekta la Kwenye Simu Lilivyonipeleka Ukweni

Naanza na aibu yenyewe, msije mkaisikia kwa wengine: mimi ndiye yule kijana wa Izia aliyegonga kihenge cha ukweni kwa trekta, tena siku ya kwanza kwenda kujitambulisha, tena mbele ya nusu ya Mpui. Haya, chekeni kwanza, nawasubiri.

Chanzo ni gemu. Mnanijua, mimi si mchezaji wa kutisha. Zile za bunduki zilinishinda (unakufa hata hujajua adui kakaa wapi, halafu katoto fulani kanakutukana), na za mpira zinanitia hasira bure. Yangu ni moja tu, ya kulima na trekta, na nikichoka kucheza namwangalia jamaa mmoja anayeicheza laivu mtandaoni, analima taratibu, anaongea taratibu, bando langu linaisha taratibu, roho inatulia. Gemu nzuri ni ile ambayo hakuna anayekufa, na hapo sijabadili msimamo.

Basi Jumamosi hiyo nimefika Mpui kwa kina Skola, mchumba wangu, shati limenyooka, shikamoo baba, shikamoo mama, marahaba, karibu. Mzee kaniangalia kuanzia viatu mpaka kichwa. Yeye mkulima tangu utoto, mimi mtu wa mjini, karani, viganja laini kama maandazi. Na Skola alishanionya kwamba baba yake akisema hapana ni hapana, hata padri hamgeuzi.

"Kijana, shamba unalijua?"

Uani kulikuwa na trekta la kukodi, dereva wake, Yona, yuko jikoni anakula ugali. Nikajikuta nasema, "Trekta nalijua vizuri, baba." Jamani, kusema "nitajifunza" kungenipunguzia nini?

"Kumbe! Hebu lisogeze pale kando, linaziba njia."

Skola akanikodolea macho. Nikapanda. (Usukani niliutambua, na gia pia, nikajipa moyo.) Nikawasha, nikakanyaga klachi, nikatia gia, halafu klachi nikaiachia kwa mkupuo, mama yangu! Lile dude likaruka mbele, kuku huku, watoto kule, mimi nakanyaga kila kitu isipokuwa breki, na naona haya kusema lakini nasema, kidole gumba changu kilikuwa kinabonyezabonyeza hewani kikitafuta pa kuanza upya. Kihenge kikapasuka, ulezi wa mwaka mzima ukamwagika chini, trekta likazimika lenyewe.

Yona akatoka mbio, tonge mkononi. Mzee hakunigeukia mimi, alimgeukia yeye. "Yona! Unaniletea trekta bovu, breki hazishiki, mgeni wangu afe? Ondoka nalo, na kwangu usikanyage tena!"

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Ninyamaze tu, Yona abebe msalaba, mimi nipate mke. Nikamtazama, mdomo umejaa ugali, hata kujitetea hawezi. Nikashuka.

"Baba, trekta halina kosa. Sijawahi kuendesha. Nimejifunzia kwenye simu, kwenye gemu."

"Kwenye nini?"

Ikabidi nieleze mbele ya umati, kwamba kuna mtu analima mahindi ndani ya simu na sisi wengine tunakaa kumtazama akilima. Bibi mmoja jirani akauliza, "Na hayo mahindi mnakula?" Nikajibu, "Hapana, bibi." Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mzee peke yake hakucheka.

Tulizoa ulezi mpaka jua likainama, mimi, Skola na mama yake, tunapepeta mchanga kwa ungo (punje za ulezi ni ndogo, msiombe), na Yona akaja kusaidia bila kuitwa. Moyoni nilishajua nimemkosa Skola. Wakati wa kuaga, mzee akanisindikiza mpaka barabarani, ndipo akasema, "Kihenge nitajenga kingine. Ungemwachia Yona lile kosa, binti yangu nisingekupa. Njoo na wazee wako."

Kwenye basi nililia, sifichi. Leo Skola ni mke wangu, na namshukuru Mungu kwa yule mzee aliyenisikiliza, na kwa Yona aliyenisamehe kabla sijamwomba. Ila nimeapa: kitu nilichokiona kwenye kioo tu, nikiulizwa kama nakijua, nasema sikijui, hata kama ni kuchemsha chai.