Sungura hakuchimba kisima, ila baba yangu alichimba

Wakuu, salama humu? Nimeona mnabishana kuhusu mafunzo ya hadithi za wanyama, nami niweke yangu. Yalinikuta mwenyewe, sijaongeza chumvi. Kiswahili changu ni cha Kolwezi, mnivumilie.

Nimezaliwa Kolwezi, mji wa migodi ya shaba. Baba alitoka Kasai, mkoa mwingine wa nchi yetu, akiwa kijana, akachimba shaba mgodini mpaka mgongo ukapinda.

Jirani yetu alikuwa Mama Kabey, Mlunda wa Musumba, mwenyeji wa upande ule. Akichoma mahindi, batoto wote wa mtaa tunajaa kwake kusikiliza hadithi ya kisima. Ukame umekuja, wanyama wanachimba, sungura anakataa, halafu anakuja kuiba maji. Kobe anamnasa.

Mama anauliza, asiyechimba je? Sisi wote: asinywe!

(Wajuaji wenye sungura wenu tofauti, subirini nimalize.)

Mwanzo wa miaka ya tisini tukaanza kufukuzwa, sisi wa Kasai. Vijana wenyeji wakapita mtaani wakisema sungura warudi kwao, eti tunakunywa kisima tusichochimba. Wengine nilikula nao mahindi yale yale. Iliniuma sana. Kwetu wapi? Mi Kasai sikuwahi hata kuiona.

Tukahamia gare kungoja treni, familia kibao chini kwenye saruji. Bomba likafungwa. Wauza maji wakishajua sisi ni nani, wanapita tu. Baba akazidi kudhoofika kwa kiu. Tuliogopa atatufia pale.

Asubuhi moja tukamwona Mama Kabey anakuja na bido ya maji, dumu zima, kichwani, peke yake, watu wanamzomea. Akajaza kikombe, akampa baba kwa mikono miwili.

"Kunywa, tata. Ni weye ulichimba."

Baba akanywa, akalia mbele yetu sote. Treni ikaja, tukaondoka. Yule mama sikumwona tena.

Leo niko Mbuji-Mayi, huko huko Kasai. Baba alishafariki. Batoto wangu hawajui Kiswahili, nikiwasimulia wanacheka, ndiyo maana nawasimulia nyinyi nisiowajua. Upweke usikie kwa mwenzio tu.

Hadithi yenyewe haina kosa. Ila kabla hujamwita mtu sungura, angalia mikono yake kwanza. Nyinyi mnaionaje?

Na kama humu kuna mtu aliyekula mahindi ya Mama Kabey, aniandikie. Hata kama ulituzomea pale gare, niandikie. Sina mwingine wa kukumbuka naye.