Nyambizi Iliyoibuka Kando ya Mtumbwi

Nyambizi yangu ndogo ya kuongozwa kwa rimoti niliiunda nyumbani Bunda kwa miaka miwili, na sehemu niliyoiamini kuliko zote ni mfumo wake wa dharura. Ikipoteza mawimbi ya redio ikiwa chini ya maji, vali hufunguka yenyewe, gesi hujaa kwenye mfuko wa mpira, nayo huibuka.

Siku ya kuijaribu ziwani Musoma ilizama vizuri, kisha ikaacha kunitii. Nilibonyeza kila kitufe bila mafanikio.

Ghafla ikachomoza, pua juu, na rangi yake ya kijani iliyokolea, kando ya mtumbwi wa mvuvi aliyekuwa akivuta nyavu.

"Mamba!" alipiga kelele, na kabla sijafungua mdomo alikuwa ameshaipiga kafi mara mbili.

"Ni yangu! Ni plastiki!" nililia kutoka ufukweni.

Alinitazama, kafi likiwa bado juu. "Plastiki? Mzee wangu, umekosa rangi nyingine? Hapa mamba wanakulaga watu!"

Nilikuwa nikitazama maji. Mapovu yalikuwa yakitoka kwenye mfuko uliopasuka, na nyambizi ilikuwa ikirudi chini, pua ikitangulia. Mvuvi naye aliona. Alitupa kafi, akainama na kutumbukiza mkono hadi begani, lakini alichotoa ni kipande cha usukani tu.

Niliendelea kubonyeza rimoti, ingawa nilijua hakuna tena gesi ya kuipandisha.