Upindo wa Kiwanda

Ofisini walimwita Nondo, na jina lilimkaa kama nguo ya kupimwa. Miaka minne binti huyo alisomea uhandisi wa ujenzi, akahitimu vizuri, kisha akaomba kazi kwenye kampuni ya uwekezaji. Shangazi yake alishika kiuno.

"Zege limekushinda?"

"Halijanishinda, shangazi. Nataka kukaa wanapokaa wanaoamua limwagwe wapi."

"Haya, nenda kamwage karatasi."

Walichukuliwa watatu kwa majaribio ya miezi sita, na viti vilikuwa viwili. Wenzake walikuwa wamesomea fedha tangu mwanzo. Maneno aliyoyaokota yeye jana, wao walikuwa kama wameyanyonya.

Mwezi wa tano akapewa kukadiria thamani ya kiwanda cha chupa ambacho mteja alitaka kukinunua. Nondo akafanya kama alivyofundishwa. Boriti ya kubeba tani kumi huijengi ibebe kumi. Unaijenga ibebe kumi na tano, maana dari ikianguka haiombi radhi. Basi kila gharama aliyoitilia shaka akaiongeza nusu yake, kimyakimya: mafuta, mishahara, vipuri, usafiri.

Mkuu wa kitengo alikuwa mama wa makamo, miwani imemteleza hadi ncha ya pua. Alisoma mpaka ukurasa wa mwisho, akaguna.

"Kiwanda kinatoa chupa usiku na mchana, wewe unaniambia hakina thamani hata ya kizibo?"

"Niliongeza kidogo, mkuu. Kwa usalama."

"Wapi?"

"Kila mahali."

"We Nondo!" mwenzake mmoja akadakia. "Hapa hatujengi daraja!"

Chumba kikaangua kicheko. Mkuu hakucheka.

"Umeuficha woga wako ndani ya tarakimu. Sasa sijui kipi ni kiwanda na kipi ni wewe. Jumatatu niletee nyingine. Nikiikuta hivi, kiti hukipati."

Jumamosi alikaa sebuleni, kompyuta magotini, hajui pa kuanzia. Akipunguza, anaogopa, akiacha, amekwisha. Mama yake, fundi cherehani, alikuwa mbele ya dirisha akimalizia sketi ya shule. Mashine ilikuwa imenyamaza. Upindo aliushona kwa mkono, mishono mirefu inayoonekana.

"Mama, mbona upindo mpana hivyo? Na mishono umeiacha nje nje."

"Mtoto anarefuka huyu. Mwakani mama yake ataufungua."

"Si ungekata sketi kubwa tu, yaishe?"

"Ili aivae kama gunia?" Mama akakata uzi kwa meno. "Sketi naikata kwa kipimo chake cha leo. Ya kesho naiweka chini, naiacha ionekane, ajue ipo na ajue pa kufungulia. Nikiificha, atasema nimemlia kitambaa."

Nondo akamtazama mama yake, akautazama ule upindo, kisha akaivuta kompyuta.

"Umeona nini?" mama akauliza.

"Kiwanda."

Jumatatu akaweka karatasi mezani. Gharama zote zilikuwa za kipimo chao halisi, bila nyongeza. Chini kabisa, peke yake, ulikaa mstari mmoja wa tahadhari: tanuri la kuyeyushia kioo limezeeka, litajengwa upya baada ya miaka mitatu, na ujenzi utagharimu kiasi hiki. Hilo wenzake wasingeliona. Wao wangesoma vitabu vya hesabu vya kiwanda tu, yeye alisoma na ramani ya jengo.

Mkuu akapandisha miwani kwa mara ya kwanza.

"Na mteja akisema tanuri litadumu?"

"Aufungue mstari huo, mkuu. Kingine hakiguswi."

Mkuu akasoma tena toka juu, taratibu, kama mtu anayeonja. "Hii naielewa," akasema. Mwezi uliofuata barua ikatoka: kiti ni chake.

Siku hizi jirani akiuliza yule binti wa uhandisi aliishia wapi, mama haachi kazi, anajibu huku mguu ukikanyaga mashine:

"Yuko palepale. Anavipima viwanda kabla havijavaliwa."