Wimbo wa Kasenga Uliobaki Bila Mvushaji

KASENGA, Uvira, 1957. Mvua ya asubuhi imekatika, na Sévère Hatungimana ameshatoa cherehani yake barazani. Mguu mmoja unakanyaga. Mwingine unapiga chini mdundo usiohusiana kabisa na kaptula ya shule anayoishona. Gitaa limeegemea ukutani, chini ya mashati yanayongoja vifungo.

Ng'ambo ya barabara, kwenye baa, santuri inaanza kuimba. Sauti ni yake mwenyewe. Fundi mwingine angetabasamu kwa maringo. Huyu anainuka, anaingia ndani, na hatoki mpaka wimbo umalizike.

"Ile wimbo kila muntu anaipenda," anasema akirudi kitini. "Miye tu ndiyo inaniuma."

Wimbo ulizaliwa hapa hapa barazani, na si wa mtu mmoja. Walikuwa watatu: Sévère na gitaa lake, Domitille, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, kutoka mtaa wa Kimanga, mwenye sauti ya kumsimamisha mpita njia, na Pontien Nyandwi, mkulima wa pamba wa Kiringye, aliyekuja na likembe yake, kinanda kidogo cha kupigwa kwa vidole gumba, kila alipopata lori.

Kila mmoja alitunga ubeti wake. Sévère ni bwana harusi aliyefika ukingoni mwa mto Ruzizi na majembe ya mahari. Pontien ni mvushaji, anayemtania weee kabla ya kumpakia mtumbwini. Domitille ni bibi harusi anayemwona akishuka upande wa pili.

Walikuwa na sharti moja: ubeti ni wa aliyeutunga. Wenzake wataitikia, lakini hawatauanzisha.

"Kuimba kipande ya mwenzako," anaeleza Sévère, "ni kama kuvaa koti yake bila kumuomba."

Mwaka juzi lilipita gari lenye mashine ya kunasa sauti. Lilikaa Uvira siku moja tu, na siku hiyo ilikuwa ya soko la pamba kule Kiringye. Pontien hakuweza kuacha magunia yake. Sévère na Domitille walishauriana, wakaona wasimwibie mwenzao ubeti. Zamu yake ilipofika wakanyamaza, gitaa likaenda peke yake mpaka mwisho, ndipo bibi harusi akapokea.

Kwao hiyo ilikuwa heshima. Santuri ilipofika madukani watu waliicheza na kuicheka: huyu bwana harusi kavukaje bila mtu wa kumvusha? Pontien aliisikia sokoni, mbele ya watu aliowahakikishia kwamba wenzake hawakukosa kuutia ubeti wake. Hakucheka. Tangu siku hiyo hajakanyaga Kasenga.

"Aliona tumemutupa," anasema Domitille, ambaye amepita na beseni lake la ndagala. "Heri tungeimba yake, hata vibaya. Angekuja kututukana, tungepatana. Sasa ananyamaza, na muntu mwenye kunyamaza unamuanzia wapi?"

Sévère alituma salamu mara kadhaa, zikapokelewa kwa ubaridi. Hata hivyo, kigoda cha Pontien bado kipo barazani. Mteja akikikalia, anaombwa kwa upole ahamie kwenye benchi.

Kisha wiki iliyopita akaja Generose, mke wa Pontien, kushonesha gauni la komunyo la binti yao. Alitoa vipimo vya mtoto, akaaga, akafika barabarani, akarudi.

"Shemeji, iko neno," alisema. "Jirani yetu iko na ile disiki. Akiipiga, Pontien anaenda nyuma ya nyumba, anajifanya kunoa jembe. Lakini gitaa ikifika pale penye munanyamaza, anaimba. Anaimba kipande yake yote, inaingia sawasawa. Domitille akianza, na yeye ananyamaza."

Sévère anasimulia haya akiitazama kaptula. Macho yamemlowa, wala hayafichi.

Gauni litakuwa tayari Jumamosi. Generose alitaka kumtuma mtu alichukue, fundi akakataa. Atalipeleka mwenyewe, na Domitille ameshakubali kufuatana naye. Gitaa nalo litapanda lori.

"Sitaanza na maneno mingi," anasema. "Nitasimama kwa kiwanja yake, niimbe bwana harusi wangu. Nikifika pa mtoni nitanyamaza tena. Lakini hii mara nitakuwa mbele yake, namungoja."