Neno la Kazini

Tarehe tisa Machi mwaka huu nilimpoteza mume wangu. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango wetu, hapa Quakers Hill, anafunga kamba za viatu vya kazini. Cha kulia alikifunga. Cha kushoto kilibaki wazi, na ndivyo alivyochukuliwa. Watu wa ambulensi walifanya walichoweza. Hao sina la kuwalaumu.

Kazi yake ilikuwa barafu. Watu wengi wa kwetu hapa Sydney wako kwenye maghala, au, kama mimi, wanahudumia wazee. Yeye aliingia kwenye uwanja wa barafu kama mfagiaji, mwisho akapewa kuendesha lile trekta linalozunguka kulainisha barafu, watu wakishaikwaruza na viatu vyao vya chuma. Kanisani alikuwa akisema, "Mimi ni mkulima wa Uvira. Nimekuja kulima barafu, na haijaota kitu."

Shemeji yangu, mdogo wake, alimjibu siku moja, "Bora wewe, kaka. Mimi ghalani nafunga maboksi ya viatu vya mbwa."

"Mbwa wanavaa viatu?"

"Na makoti. Na koti la mbwa ni zuri kuliko lako."

Mume wangu alicheka hadi akashika nguzo.

Kwa kawaida yetu, mtu akifa, wote aliokuwa nao wanasimama kumsemea. Familia inasema neno lake, kanisa linasema lake, majirani wanasema lao, na wale aliofanya nao kazi wanasema lao. Hata kule kambini Kigoma, tulikoishi miaka mingi bila kazi ya maana, fundi baiskeli akifa mafundi baiskeli wenzake walisimama. Neno la kazini ndilo linaloonyesha kwamba marehemu hakuwa mtu wa nyumbani tu, alikuwa na mahali pake duniani.

Kwenye mazishi ya mume wangu neno hilo halikusemwa. Ukumbi tulipewa kwa saa moja, na pasta wetu si mtu wa kufupisha. Kijana wa pale ukumbini akaja akasimama mlangoni mikono nyuma, maana wafiwa wengine walishafika nje. Tukatoka. Kaburini tukatupa udongo kidogo kwa mikono, kisha tukaombwa turudi nyuma. Kaburi lilijazwa na mashine. Shemeji alikuwa amekuja na vijana na majembe kwenye buti ya gari. Majembe yakarudi safi.

Mama mmoja kutoka uwanjani alikuwepo, yule anayepanga mashindano ya kuteleza kwenye barafu. Alinishika mikono yote miwili. Aliniambia kwamba Julai yanakuja mashindano makubwa, wachezaji wa nchi nyingi watakuja, na kwamba siku ya fainali, kabla ya kundi la mwisho kuingia, watu wote watasimama na jina la mume wangu litatajwa kwa kipaza sauti. "He loved that ice," alisema, kwamba aliipenda barafu ile. Kisha akasema kwamba wanakosa watu wa kujitolea, na kama nitajisikia vizuri nije niwasaidie, ingenifaa kuwa karibu na watu.

Nilimwamini. Kwa nini nisimwamini? Kwetu mtu hashiki mkono wa mjane juu ya kaburi halafu akasema jambo la kupita.

Nilipowaeleza nyumbani, shemeji akasema, "Basi neno la kazini lipo. Matanga tusiyamalize sasa. Tuyamalize siku hiyo."

Hivyo ndivyo tulivyokubaliana. Kuna kamera moja inayorusha mashindano kwenye intaneti, mtu yeyote anaweza kutazama. Watu watakusanyika nyumbani kwangu, watapika, wataangalia kwenye televisheni. Mama mkwe, aliyeko Uvira, ataangalia kwenye simu ya mjukuu wake. Jina likitajwa, pasta ataomba, na matanga yataisha. Mpaka siku hiyo mimi nitaendelea kulala chini, godoro sakafuni, kama mjane anavyolala. Kitanda kilibaki fremu tupu tangu Machi. Binti yangu, aliyekulia hapa, alipita mlangoni kila asubuhi akakiangalia.

Nilikwenda siku zote nne za mashindano. Nilipewa fulana ya zambarau na kitambulisho cha shingoni, na nikawekwa kwenye kazi ya kuziba matundu. Viatu vya wale wachezaji vina meno mbele. Wanaporuka wanayachoma kwenye barafu, na kila mruko unaacha tundu. Mwingine akipita juu yake mguu unaweza kunasa, akavunjika. Kwa hiyo kundi moja likitoka, sisi wa ndoo tunaingia kabla kundi jingine halijaanza. Kwenye ndoo kuna barafu iliyokwanguliwa imechanganywa na maji, kama uji mzito. Unachota kwa mwiko wa fundi ujenzi, unajaza tundu, unakandamiza, unasawazisha, unaondoka. Inaganda yenyewe.

Mwenzangu wa ndoo alikuwa mzee Mwaustralia, mstaafu, mwenye pua nyekundu. Alikuwa amemfahamu mume wangu. Siku ya kwanza alinitazama namna ninavyokandamiza akasema nina mkono mzuri, nimefundishwa nyumbani? Nikamwambia hapana, mume wangu nyumbani hata chumvi alikuwa hachoti. Akacheka sana. Huyo mzee ndiye mtu pekee pale aliyelitaja jina la mume wangu mbele yangu, na alilitaja kwenye chumba cha ndoo, karibu na mabomba.

Nyuma ya pazia nililiona jambo ambalo sikulijua. Kuna benchi maalumu. Mchezaji akimaliza anakwenda kukaa pale kungoja alama zake, kocha pembeni, na hapo analia. Benchi limepambwa maua, boksi la karatasi laini za kufutia machozi limewekwa tayari, na taa zinamulika. Msichana mmoja alianguka mara mbili, akalia pale kwa sauti, mabega yanatetemeka, na uwanja mzima ukampigia makofi ya kumtuliza. Kuna mtu wa kujitolea ambaye kazi yake ni kuhakikisha boksi lile haliishi. Nilisimama na ndoo yangu nikatazama. Mimi usiku wa tarehe tisa, jirani wa ukuta mmoja aligonga ukuta, kwa sababu wanawake wa kanisani walikuwa wakilia sebuleni kwangu.

Simchukii yule msichana. Alikuwa mtoto wa watu, na alikuwa ameumia goti. Lakini nasema nilichokiwaza.

Jumapili ya fainali niliamka mapema. Kabla sijatoka wanawake walishaanza kuingia na sufuria. Mmoja alinifunga kitambaa kichwani upya. "Usiende kama mtu wa kufagia," alisema. "Leo unakwenda kwa niaba ya familia."

"Nimepewa fulana ya zambarau."

"Basi kitambaa kiwe cheupe. Wakuone."

Nilifanya kazi tangu asubuhi. Mchana mambo yakaanza kuchelewa. Muziki wa mchezaji mmoja ulikatika, akaanza upya. Kisha dereva mpya wa trekta, kijana mpole, aliacha mstari wa maji ambao haukuganda, ikabidi arudi kuuzungukia tena. Nilimwona akisaga meno kwa aibu. Nilimhurumia na nilikasirika, yote mawili pamoja, kwa sababu alikuwa amekaa kwenye kiti kile.

Kabla ya kundi la mwisho nikasogea karibu na lango la barafu. Mtangazaji akaanza. Akawashukuru wafadhili, mmoja baada ya mwingine. Akashukuru duka la aiskrimu. Akawataja waamuzi na nchi walizotoka, na kila mmoja alisimama akapunga mkono. Akawashukuru watu wa kujitolea, watu wakapiga makofi. Halafu akasema kwamba baada ya muda mfupi kundi la mwisho litaingia.

Nilimtafuta yule mama. Alikuwa karibu, redio ya kuongelea imebandikwa kifuani, anatembea haraka. Nikamshika mkono wa shati.

"Jina la mume wangu," nikamwambia.

Alinitazama, na nikaona kwamba amekumbuka wakati huo huo. Hilo nalo niseme: hakujifanya. Uso ulimshuka.

"Oh, love. I'm so sorry." Akaomba radhi, akaeleza kwamba wamechelewa sana, kwamba matangazo lazima yaishe kwa wakati, kwamba wataandika kitu kizuri kwenye ukurasa wao wiki ijayo, waweke na picha. Nina picha nzuri ya kuwapa?

Nikasema watu wangu wanaangalia sasa hivi. Uvira wanaangalia.

Redio kifuani ikalia. Akaisikiliza, akaniangalia tena, akatazama ndoo yangu. Kuna tundu kubwa katikati, akasema, walilisahau. Ninaweza kuliziba? Haraka?

Ningeweza kuiweka ndoo chini nikaondoka. Sikuiweka. Wasichana sita walikuwa wamesimama langoni, viatu vimefungwa, na tundu lile lilikuwepo kweli. Niliingia.

Tundu lilikuwa refu kama kidole cha kati, katikati kabisa ya uwanja. Nilipiga magoti. Nilijaza, nikakandamiza, nikasawazisha, nikaongeza kidogo, nikasawazisha tena. Sikuwa na haraka. Nilisubiri nikiwa nimepiga magoti mpaka nikaona limeanza kuwa jeupe. Watu wakaanza kupiga makofi, kama wanavyofanya pale wakimwona mtu wa ndoo amebaki peke yake kwenye barafu. Wanafanya kwa utani mwema. Nikasimama nikatoka. Mzee wa ndoo alinipokea mwiko, akaniuliza kama niko sawa. Nikamwambia hawakumtaja. Akasema neno moja baya la Kiingereza, taratibu, akaangalia viatu vyake.

Sikungoja kuona nani ameshinda. Nilivua fulana nikaiacha kwenye kiti, nikapanda treni.

Nyumbani viatu vya watu vilijaa mlangoni, na niliusikia wimbo kabla sijafika getini. Nilipofungua mlango wanawake walipiga vigelegele. Mmoja alinikumbatia na kulia shingoni kwangu. Shemeji alikuja, macho mekundu, akanishika mabega.

"Shemeji, tumeona. Wamempa heshima kubwa."

Nilidhani anazungumza habari nyingine. Akanionyesha kwenye simu yake, alikuwa amerekodi televisheni. Nilijiona mdogo, na kitambaa cheupe, peke yangu katikati ya barafu yote ile, nimepiga magoti, kichwa kimeinama. Na makofi. Uwanja mzima unapiga makofi. Hapo sebuleni kwangu, kwenye hiyo video, nikasikia watu wakipiga kelele na pasta akianza kuomba.

"Jina hatukulisikia vizuri, ile spika ilikuwa inavuma," shemeji alisema. "Lakini tulipokuona umepiga magoti, nani atakosa kuelewa?"

Walikuwa wamemaliza matanga. Walikuwa wameomba, wameimba, wamekula. Wanawake walikuwa wamefagia chumba changu, wamelitoa godoro sakafuni na kulirudisha juu ya kitanda, na kutandika shuka jipya la maua ambalo mmoja wao alilinunua.

Binti yangu aliniletea simu. Mama mkwe alikuwa kwenye video, uso wake umejaa kioo chote, analia na kucheka. "Nimekuona, mwanangu. Umempigia magoti mtoto wangu mbele ya mataifa. Sasa nimepona."

Binti yangu alikuwa ananiangalia juu ya simu. Alishaelewa. Yeye Kiingereza cha mtangazaji alikisikia chote. Akasema polepole, midomo haifunguki sana, "Mum. Please. Let them have it." Alikuwa akiniomba niwaachie walichokiona.

Nilikaa kwenye kiti. Nilifikiri juu ya mama mkwe, na nilimfikiria yeye, mume wangu, ambaye alikuwa harudi nyumbani mpaka kazi yake awe ameimaliza.

"Mama," nikasema kwenye simu, "hawakumtaja. Walisahau. Kulikuwa na tundu kwenye barafu, wakaniita nilizibe."

Sufuria moja ikawekwa chini jikoni.

"Makofi yalikuwa ya nini?" mama mkwe akauliza.

"Ya tundu, mama."

Simu ilibaki inaonyesha ukuta, mtu ameiweka mahali, halafu ikakatika.

Shemeji alisimama akafunga koti. Alisema pasta ameshaomba, na maombi hayarudishwi nyuma. Alisema kesho watu wana kazi, yeye mwenyewe anaingia saa kumi na moja alfajiri. Alisema, bila ukali, "Ungeweza kunyamaza tu, shemeji." Wakaanza kutafuta viatu vyao mlangoni. Wanawake waliosha vyombo vyote kabla ya kuondoka, na waliniachia wali kwenye jokofu.

Nilikwenda chumbani. Nilikunja shuka la maua nikaliweka kwenye kiti, kisha nikaanza kulivuta godoro. Lilikuwa zito, likanasa kwenye ubao wa kitanda. Binti yangu akaingia. Alishika upande wa miguuni, mimi nikashika upande wa kichwani, tukalishusha chini.