Visahani Viwili Juu ya Paa

Nilirudi Nairobi na diploma ya uhandisi wa plastiki niliyoipata ng'ambo kwa jasho langu, pamoja na visahani viwili vya ule mchezo wa kurusha kisahani kwenye kikapu. Jumamosi moja nilipanda juu ya paa la ploti yetu, jengo la ghorofa la kupanga mtaani Umoja, kuvijaribu kwenye saruji nione plastiki ipi haipasuki. Mlinzi, bila kujua nipo, akafunga mlango wa chuma wa ngazi, akaenda zake. Hapakuwa na ngazi nyingine. Niliita, lakini spika za mkutano wa injili zilimeza sauti yangu.

Ili mtu anisikie, nikarusha chini kisahani cha plastiki ngumu, ya bei rahisi. Kilipasuka uani, hakuna aliyetoka. Cha ghali, laini kama soli ya raba, kikagonga mabati ya jirani.

“Nani huyo?” mama jirani akatoka, akakiokota.

“Ni mimi, mama! Nimefungiwa!”

Alikigeuzageuza. “Hakijapasuka. Kitafunika sufuria yangu. Wewe ngoja mlinzi, injinia.”

Nilingoja hadi jioni. Lakini alisema mwenyewe: hakijapasuka.